Kupika rojo la karatasi kwenye daijesta: mwongozo wa fundi wa shifti

Mwongozo huu ni wa fundi kijana anayepangiwa shifti yake ya kwanza kwenye daijesta, lile tangi refu la chuma ambamo vibanzi vya mbao hupikwa kwa dawa na mvuke mpaka vigeuke rojo la karatasi. Mfano nitakaoutumia ni msindano, ambao wengi wetu tunauita paina, aina ya Pinus patula. Ndiyo malighafi ya Nyanda za Juu Kusini: misitu ya kupandwa ya Sao Hill, wilayani Mufindi, ndiyo iliyofanya kiwanda cha karatasi kijengwe Mgololo na kuanza uzalishaji mwaka 1985. Njia ya kupika ni ile ya krafti, aliyoibuni Carl Dahl huko Danzig (leo Gdańsk, Poland) mwaka 1879, na hadi leo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya rojo la mbao duniani. Mwishoni nitaeleza pia kinachobadilika ukipika katani au makapi ya miwa.

Kabla ya yote, shika hili: rojo baya mara nyingi limeshaharibika kabla valvu ya mvuke haijafunguliwa. Limeharibikia kwenye chekeche, kwenye mizani, au kwenye hesabu ya unyevu. Ndiyo maana hatua za mwanzo nimezipa nafasi kubwa kuliko kupika kwenyewe.

Kinachotokea ndani ya tangi

Mbao ni nyuzinyuzi za selulosi zilizogandishwa pamoja na lignini. Kwenye msindano lignini ni zaidi kidogo ya robo ya uzito wa mbao kavu. Dawa nyeupe, yaani mchanganyiko wa kostiki soda na sodiamu salfaidi, huivunja lignini hiyo na kuitoa nje, nyuzi zikabaki huru. Tatizo ni kwamba dawa haiishii kwenye lignini peke yake. Ikipewa joto na muda wa kupita kiasi, huanza kuila selulosi yenyewe, na selulosi ndiyo karatasi yako. Kwa hiyo kila mpishi wa rojo anatafuta mahali pa kusimama: lignini imetoka vya kutosha, nyuzi bado zina nguvu. Kwa njia ya krafti, kati ya kilo 1,000 za mbao kavu utapata rojo la kilo 450 hadi 500. Nusu nyingine huondoka na dawa nyeusi, yaani dawa iliyokwisha kutumika ikiwa imebeba lignini.

Hatua ya 1: Kagua vibanzi

Nenda kwenye rundo wewe mwenyewe, usingoje karatasi ya maabara. Vibanzi vizuri vina urefu wa milimita 20 hadi 25, na unene kati ya milimita 2 na 8. Unene ndio wa kuangalia zaidi. Dawa ya krafti huingia kwenye kibanzi kutoka pande zote kwa kasi inayokaribiana, kwa hiyo safari fupi ya kufika katikati ni kupitia unene. Kibanzi cha milimita 12 kitaiva nje na kubaki kibichi ndani. Ukikiokota kwenye chujio la mafundo, linalonasa vipande visivyoiva, baada ya kupika na kukivunja kwa mkono, utaona ganda laini la kahawia, na katikati moyo mgumu wenye rangi ileile ya mbao iliyotoka msituni.

Vumbi la mbao na vijiti vyembamba navyo vina hasara yake. Huiva mapema, humeza dawa, halafu hujibana kwenye chujio la ndani ya daijesta na kuzuia dawa isizunguke. Chekecha sampuli. Vibanzi vinene vikiongezeka ghafla kutoka shifti moja hadi nyingine, sababu ya kawaida ni visu vya mashine ya kukata vibanzi: vimebutuka au vimelegea. Waambie wa visu wasimamishe mashine sasa, kwa sababu huwezi kurekebisha kosa lao kwa mvuke.

Magome yatolewe. Mchanga pia, maana magogo yaliyoburutwa chini hubeba mchanga unaotafuna pampu na valvu. Na rundo lipikwe kwa zamu, la zamani kwanza. Vibanzi vilivyokaa muda mrefu hupata joto vyenyewe katikati ya rundo na kuanza kuoza.

Hatua ya 2: Pima unyevu, halafu piga hesabu

Hapa ndipo rojo linapopatikana au kupotea. Kiasi cha dawa hupimwa dhidi ya mbao kavu kabisa, lakini mizani yako inapima mbao pamoja na maji yake.

Chota vibanzi kutoka sehemu kadhaa za mkanda au rundo, vichanganye, pima gramu 500, weka kwenye oveni ya nyuzi joto 105 za Selsiasi mpaka uzito usiendelee kushuka. Vikibaki gramu 250, unyevu ni asilimia 50.

Sasa tuseme unataka kupika mbao kavu kilo 1,000, na maelekezo ya kiwanda yanasema alkali asilimia 18 ya mbao kavu, ikihesabiwa kama kostiki soda, na maji yote ndani ya tangi yawe mara 4 ya mbao. Hesabu inakwenda hivi:

- Vibanzi vya kupima kwenye mizani: kilo 2,000. Ndani yake maji ni kilo 1,000.
- Alkali: kilo 180. Kama maabara imepima dawa nyeupe na kukuta gramu 100 kwa lita, utahitaji lita 1,800.
- Maji yote yawe 4,000. Ukitoa 1,000 ya kwenye vibanzi na 1,800 ya dawa nyeupe, inabaki 1,200. Hiyo jazia dawa nyeusi nyepesi kutoka kwenye kuosha, maana ina joto na bado ina alkali kidogo.

Angalia kinachotokea usipopima. Mufindi mvua huanza kama Novemba na kuisha Aprili au Mei. Baada ya hapo ni ukavu mrefu. Ukitumia ile asilimia 50 mwezi Septemba wakati vibanzi vimeshuka hadi 35, kilo zako 2,000 zina mbao kavu 1,300. Dawa ni ileile kilo 180, kwa hiyo umepika kwa asilimia 13.8. Rojo litatoka gumu, limejaa vipande vibichi. Mwezi Februari unyevu ukiwa 55, mbao kavu ni 900, na dawa imekuwa asilimia 20. Rojo litatoka laini na jeusi, uzito umepungua, na karatasi itachanika kirahisi. Watu watalaumu mvuke, watalaumu tangi, na kumbe ni oveni ya maabara ambayo haikutumiwa asubuhi ile.

Hatua ya 3: Kagua tangi

Daijesta inayofanya kazi kwa nyuzi 170 ina presha ya karibu baa 7 ndani yake, na maji ambayo yakipata upenyo yanageuka mvuke papo hapo. Tarehe 15 Aprili 2020, kwenye kiwanda cha karatasi cha mji wa Jay, jimbo la Maine, Marekani, daijesta ilipasuka mchana na kurusha vibanzi na dawa juu angani, ikaharibu na mwenzake iliyokuwa jirani. Hakuna aliyekufa, na ukiangalia picha za siku ile utashangaa imewezekanaje.

Chuma cha kawaida kinachoguswa na alkali ya moto huweza kupata nyufa ndogondogo, hasa kwenye mistari ya kulehemu, ambazo jicho halizioni. Kwa hiyo unene wa ukuta na mistari ya kulehemu hupimwa kwa vifaa, na mkaguzi anayetambuliwa kisheria. Kwa Tanzania hiyo ni kazi ya OSHA, kwa Kenya ni DOSHS, taasisi za serikali za usalama kazini. Jua cheti cha tangi lako kinaisha lini. Kikiwa kimepita, usipike.

Wewe wa shifti kagua haya kila mara: mpira wa mfuniko haujachanika wala kukauka, bolti zote zipo na zimekazwa kwa mpangilio wa kukabiliana, valvu ya usalama ina lakiri yake na bomba lake la kutolea halijaziba, geji ya presha inarudi sifuri tangi likiwa tupu, kipimajoto kinasoma. Chujio la ndani lisiwe limezibwa na vumbi la mbao.

Mtu asiingie ndani ya tangi bila kibali cha maandishi, mvuke na dawa kufungwa kwa kufuli, na hewa kupimwa. Njia ya krafti hutoa gesi ya salfa inayonuka kama yai bovu. Usiiamini pua yako. Gesi ikizidi, pua inakufa ganzi na harufu inapotea wakati ndipo hatari imekuwa kubwa. Sababu hiyohiyo inafanya tindikali isisogezwe karibu na mifereji ya dawa nyeusi, kwa kuwa vikikutana gesi hiyo hufumka kwa wingi.

Hatua ya 4: Jaza, toa hewa

Mimina vibanzi huku ukipitisha mvuke mwepesi, vitakaa vizuri na tangi litabeba zaidi. Mvuke huo una kazi nyingine kubwa zaidi: kutoa hewa iliyomo ndani ya kila kibanzi. Mbao ina vijishimo visivyohesabika, na palipojaa hewa dawa haiingii. Dakika 10 hadi 20 za mvuke wa nyuzi 100 zinatosha kwa vibanzi vibichi. Vilivyokauka vinataka zaidi. Ukitaka kuhakikisha, chukua vibanzi vichache vilivyopita kwenye mvuke, vitumbukize kwenye ndoo ya maji baridi na usubiri. Vinavyozama vimetoa hewa. Vinavyoelea ndivyo utakavyokutana navyo tena kwenye chujio la mafundo.

Ingiza dawa nyeupe, kisha dawa nyeusi ya kujazia. Funga mfuniko. Washa pampu ya mzunguko na uhakikishe dawa inazunguka kweli kwa kuangalia mita ya mtiririko. Taa ya pampu kuwaka si ushahidi.

Hatua ya 5: Pandisha joto

Usikimbilie nyuzi 170. Panda taratibu hadi kati ya 110 na 120, tulia hapo kama nusu saa, dawa iingie hadi katikati ya vibanzi kabla kazi kali haijaanza. Baada ya hapo panda hadi 170, safari nzima tangu mwanzo ikichukua kama saa moja na nusu.

Wakati wa kupanda fungua valvu ya juu ya kupumulia mara kwa mara. Inatoka hewa iliyobaki, gesi, na mvuke wa tapentaini, ambao kwa msindano ni mali ya kukusanywa kwenye kipozeo na kuuzwa. Pia unajikinga na presha ya uongo. Mvuke ukiwa peke yake, joto na presha huenda pamoja:

- nyuzi 150: karibu baa 3.8 kwenye geji
- nyuzi 160: karibu baa 5.2
- nyuzi 170: karibu baa 6.9

Geji ikisoma 6.9 na kipimajoto kikasema 160, ile ziada ni hewa na gesi zilizokwama juu ya tangi. Fundi anayeangalia geji peke yake ataandika daftarini kwamba amefika, na rojo litatoka bichi. Pumulia mpaka viwili hivi vikubaliane. Vikigoma kukubaliana hata baada ya kupumulia, kifaa kimojawapo kimeharibika na tangi lisiendelee kupandishwa.

Sasa suala la muda. Watu hupenda kusema "tunapika saa moja", lakini saa moja ya nyuzi ngapi? Mwaka 1957 mtafiti aitwaye Vroom alitoa kipimo kinachounganisha joto na muda kuwa namba moja, kinaitwa H-fakta. Kasi ya kazi kwenye nyuzi 100 huhesabiwa 1. Kwenye 150 ni karibu 165, kwenye 160 karibu 400, kwenye 170 karibu 930. Zidisha kasi kwa saa, jumlisha, ukifika namba ya kiwanda chako simamisha.

Faida yake utaiona siku mvuke wa boila ukianguka. Tuseme umekaa nusu saa kwenye 160 badala ya 170. Umepata 200 mahali ulipotakiwa kupata 465. Pengo ni 265, na kwa kasi ya 930 kwa saa hiyo ni dakika 17. Mvuke ukirudi, ongeza dakika 17 kwenye 170, basi. Hakuna kukisia, na hakuna kuongeza saa nzima "kwa usalama", kwa sababu saa ya ziada kwenye 170 inakula nyuzi.

Hatua ya 6: Puliza

Muda ukikamilika funga mvuke, shusha presha kwa valvu ya juu, kisha fungua valvu ya chini. Presha iliyobaki itasukuma vibanzi kwenda tangi la kupokelea, na kule kugonga kwao na kutanuka kwa mvuke ndiko kunakovitawanya viwe nyuzi. Ndani ya daijesta vilikuwa bado vina umbo la vibanzi. Viwanda vingi vya sasa huingiza kwanza maji ya kuoshea yaliyopoa, wakashusha joto chini ya 100, ndipo wakatoa rojo. Rojo lililotolewa limepoa hubaki na nguvu zaidi, na harufu inayotoka nje ni kidogo. Ukiwa na uwezo wa kufanya hivyo, fanya.

Hakikisha hakuna mtu karibu na tangi la kupokelea, na kwamba lina nafasi. Nimeona kazi ya siku nzima ikimwagika sakafuni kwa sababu hakuna aliyepanda kuangalia kiwango.

Hatua ya 7: Osha, chuja, pima

Rojo la kahawia huoshwa kwa maji yanayokuja kinyume nalo: rojo safi zaidi hukutana na maji safi zaidi, na maji hayo hurudi nyuma kwenye rojo chafu. Hivyo maji yanatumika machache na dawa nyeusi inatoka nzito.

Kipimo cha kuiva ni namba ya kappa, inayoonyesha lignini iliyobaki kwa kuangalia rojo linakula kemikali iitwayo pamanganeti kiasi gani. Kila kappa moja ni lignini ya kama asilimia 0.15. Karatasi ya mifuko ya saruji inataka nyuzi zenye nguvu na haijali rangi, kwa hiyo kappa ya 40 hadi 55 inafaa. Rojo la kupaushwa liwe 25 hadi 30. Kappa ikiwa juu na mafundo ni mengi, rudi kwenye unene wa vibanzi na hewa. Kappa ikiwa juu lakini mafundo ni machache, rudi kwenye unyevu na nguvu ya dawa.

Daftarini andika unyevu, kilo za vibanzi, lita na nguvu ya dawa, joto na presha kila dakika 15, H-fakta ya mwisho, na kappa. Bila mstari huo, wa shifti ya usiku anaanza gizani.

Dawa nyeusi haiendi mtoni

Dawa nyeusi inatoka ikiwa na vitu vikavu kama asilimia 15. Hukaushwa kwenye vikaushio hadi zaidi ya 65, kisha huchomwa kwenye boila maalumu ya urejeshaji. Lignini inaungua na kutoa mvuke unaoendesha kiwanda, chumvi za soda zinayeyuka chini, zinachanganywa na maji, zinatiwa chokaa, na dawa nyeupe inapatikana upya. Hiyo ndiyo siri ya krafti kushinda njia nyingine. Kiwanda kisicho na urejeshaji kinanunua soda mpya kila siku na kuua mto wa jirani, na mimi naona kisipewe kibali hata kikiahidi ajira. Watu wa Webuye, magharibi mwa Kenya, kandokando ya mto Nzoia, waliishi na kiwanda kikubwa cha karatasi tangu miaka ya 1970 mpaka kiliposimama mwaka 2009, na wanajua uzito wa pande zote mbili: mishahara, na harufu.

Ukipika katani au makapi ya miwa

Mimea hii haina haja ya ukali wote huo. Makapi ya miwa yana lignini ya karibu asilimia 20 na muundo wake umelegea, kwa hiyo kostiki soda peke yake, asilimia 12 hadi 15, na dakika 10 hadi 30 kwenye 165 au 170 zinatosha. Kazi ngumu iko kabla ya kupika: kutenganisha nyuzi na ule moyo laini wa muwa, ambao unaweza kuwa karibu theluthi ya makapi. Usipoutoa unameza dawa na kuziba maji yasichuje. Pia nyasi, mianzi na makapi vina silika nyingi kuliko mbao, nayo huganda kwenye vikaushio vya dawa nyeusi.

Katani ni hadithi nzuri zaidi. Lignini yake ni kama asilimia 10 tu, na nyuzi zake ni imara, zinafaa karatasi nyembamba yenye nguvu. Mabaki ya mashamba ya Tanga na Kilosa, nyuzi fupi zisizofaa kamba, yanaweza kupikwa.

Kwa karakana ndogo ya karatasi za mikono, katani au gome la mgomba hupikika kwenye sufuria iliyo wazi, kwa saa kadhaa za kuchemka, kwa soda kidogo. Mbao haiwezi: kumbuka kasi ni 1 kwenye nyuzi 100 na 930 kwenye 170. Mtu akikushauri uchomelee mfuniko kwenye pipa la mafuta ili upate presha, kataa kabisa, kwa sababu pipa hilo litaua. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, usitumie ya alumini, maana soda huila na kutoa gesi inayoshika moto. Mimina soda kwenye maji baridi, kamwe usimimine maji kwenye soda. Vaa miwani na glavu ndefu, na weka ndoo ya maji safi hatua moja kutoka ulipo. Chota nyuzi chache, zisuuze, zivute kwa vidole: zikiachana bila kukatika, zima moto. Zikikatika, umezidisha. Osha mpaka maji yatoke meupe na yasiteleze mkononi, na maji ya mwanzo yahifadhi kwa kupikia tena.